UZI: Mji wa dhahabu uliojaa wachawi, sumu na siasa za kitandani. Sio riwaya, ni Paris ya Louis wa 14

Kinyonga Mzee (mwanzisha uzi)

Wakuu salama? Humu najua kuna wengi tunapenda zile riwaya za miji ya kufikirika, jumba la kifalme linang'aa dhahabu tupu, huku chini vichochoroni watu wanauza sumu na kila waziri ana mganga wake wa siri. Nimesoma nyingi sana na kuna kitu kimoja kinaniboa, mchawi siku zote anakaa peke yake kwenye mnara, hana wateja, hana madeni, hana mume mlevi, hata haijulikani anakula nini. Uchawi unakuwa kama umeshuka tu na mvua.

Sasa leo naleta mji wa kweli ambao uchawi ulikuwa biashara kamili, ina madalali, ina bei, ina wateja wa juu na wa chini, ina mapadri waliokula njama, na polisi alipoanza kuvuta uzi mmoja tu ukamfikisha mpaka kitanda cha mfalme. Paris, kati ya 1672 na 1682. Naomba mtulie, ni ndefu, nitaleta vipande vipande.

Kwanza uelewe mazingira. Mfalme ni Louis wa 14, aliingia madarakani 1643 akiwa mtoto wa miaka 4, alivyokuwa mkubwa akahakikisha kila kitu kinapita mikononi mwake. Unataka cheo jeshini, ni yeye. Unataka pensheni, ni yeye. Binti yako aolewe wapi, yeye tena. Kwa hiyo mwanamke anayelala na mfalme sio mambo ya mapenzi tu yale, ile ni ofisi. Madame de Montespan aliposhika nafasi hiyo kuanzia 1667, ndugu zake wakapanda, kaka yake Vivonne akawa marshali wa Ufaransa 1675. Hapo utaelewa kwanini mtu alikuwa tayari kulipia limbwata hela ambayo angejengea nyumba.

Mwaka huohuo 1667 mfalme akaunda cheo kipya kabisa, mkuu wa polisi wa Paris, akapewa bwana mmoja anaitwa Gabriel Nicolas de La Reynie. Mji una watu kama nusu milioni, giza totoro, wizi nje nje. Huyu ndo aliyeweka taa za mishumaa barabarani. Mshikeni jina lake, ndo mhusika mkuu wa kesi yetu, mtu makini, mchapakazi, anaandika kila kitu.

Msomaji Mkimya

Nimeweka kiti hapa. Endelea mkuu.

Kinyonga Mzee

Twende.

Mwanzo wa yote ni mwanamke mmoja wa kitajiri, Marquise de Brinvilliers. Ana mume, ana na mchepuko, afisa wa jeshi anaitwa Sainte-Croix. Baba yake, ambaye ni jaji mkubwa, akakasirika akamsweka yule mchepuko gereza la Bastille mwaka 1663. Jamaa alipotoka wakaanza kujifunza sumu pamoja. 1666 baba mtu akafa taratibu, akiuguzwa na binti yake mwenyewe. 1670 kaka zake wawili wakafuata. Mali yote ikawa inaelekea kwa dada mtu.

Wangepeta mpaka leo, ila 1672 Sainte-Croix akafa kifo cha kawaida tu akiwa na madeni kibao, maofisa wakaja kuorodhesha vitu vyake sababu ya wadai, wakakuta kasanduku. Ndani barua za Brinvilliers, hati ya deni aliyomwandikia, na vichupa. Wakavijaribu kwa wanyama, wanyama wakafa. Mama akakimbilia Uingereza, akazunguka, mwisho akajificha kwenye nyumba ya watawa kule Liège (Ubelgiji ya leo), wakamkamata 1676. Tarehe 17 Julai 1676 wakamkata kichwa na mwili wakauchoma moto.

Mji mzima ulienda kutazama. Na inasemekana kabla ya kufa alisema nusu ya wakubwa wa mji wanafanya mambo hayohayo na angetaka angewamaliza wote. Aliyetetemeka kwa hiyo kauli ni La Reynie, sababu alikuwa ameshaletewa taarifa nyingine kabla, mapadri wa kanisa kuu la Notre-Dame walimwambia, bila kutaja majina maana siri ya kitubio ni siri, kwamba wanawake wengi mno wanaokuja kuungama wanaungama kuwapa sumu waume zao.

Mama Nyuki

Hapo kwenye waume naomba niingilie kidogo kaka, maana najua watu watakuja na "wanawake wabaya" zao. Enzi hizo Ufaransa talaka hakuna, kanisa limekataa. Unaozeshwa na miaka 15 kwa mzee usiyemjua, mali yako anashika yeye, akikupiga hakuna mtu wa kumwambia, kutengana tu ni kesi ya miaka na hela. Sitetei sumu ila mlango pekee wa kutoka kwenye ndoa ulikuwa jeneza, lako au lake. Haya endelea.

Kinyonga Mzee

Dada umemaliza kabisa, na ndo maana biashara ilikuwa na soko. Ongezea na hii: sumu yenyewe ilikuwa arseniki nyeupe, inauzwa waziwazi ya kuua panya. Haina harufu, ladha karibu hakuna, na mtu akiilishwa kidogo kidogo anaharisha na kutapika, magonjwa ambayo kila siku yanaua watu. Kipimo cha maabara cha kuaminika cha kuiona mwilini kilikuja 1836, yaani miaka zaidi ya 150 baadae. Daktari wa 1675 anakuja, anamtoa mgonjwa damu, anaondoka. Watu mtaani wakaipa jina, unga wa urithi.

Haya sasa tuingie kwenye uchafu wenyewe.

Mwisho wa 1678 kuna mwanasheria mmoja alialikwa chakula cha usiku kwa mke wa fundi cherehani, mama Vigoreux. Mezani yupo mpiga ramli anaitwa Marie Bosse, mjane, kalewa chakari. Pombe ikasema. Akajigamba kwamba kazi yake ni tamu mno, wateja wake ni wake wa mabwana wakubwa, akimaliza kulisha watu watatu tu sumu anastaafu tajiri. Watu wakacheka. Mwanasheria hakucheka, akaenda polisi.

La Reynie hakukurupuka. Akamchukua mke wa askari wake mmoja, akamtuma kwa Bosse akalie kwamba mume anamtesa. Bosse akampa dawa. Januari 1679 alfajiri wakavamia nyumba, wakamkuta Bosse amelala kitanda kimoja na watoto wake wakubwa, naomba hapo tupite haraka.

Na huyu Bosse alikuwa na ufundi mmoja mbaya sana, shati. Unampa shati la mume, analifua na arseniki, mume akilivaa ngozi inaanza kuwaka na kutoka vidonda sehemu za chini, mtu yeyote akiona anasema huyu kaleta gonjwa la zinaa. Yaani unaua na kuaibisha kwa mpigo mmoja, na mke anapewa pole na majirani. Kuna bibi mmoja wa kitajiri, Madame de Poulaillon, alikamatwa kwa mchezo wa mashati hayo. Majaji walimwonea huruma, wakamnusuru na kifo.

Dodoki

Aisee. Kuanzia leo nafua mashati mwenyewe

Kinyonga Mzee

😂😂 mkuu utapona.

Bosse alipobanwa akamtaja mshindani wake wa biashara (wivu wa kibiashara huu, mshike). Catherine Monvoisin, mji mzima unamwita La Voisin. Machi 1679 wakamkamata akitoka kanisani kusikiliza misa. Sio utani, alikuwa muumini mzuri tu.

Huyu mama ndo napenda kila mwandishi wa riwaya amsome. Mume wake alikuwa muuza vito, biashara ikafa, familia inalala njaa. Akaanza kusoma viganja na nyuso. Akagundua mteja haji kujua kesho yake kwa sababu anapenda elimu, anakuja kwa sababu kuna kitu anakitaka. Mmoja anataka mume mwingine, mwingine anataka huyu aliyenaye afe, mwingine ana mimba asiyoitaka, mwingine ni mwanajeshi anataka risasi zisimpate, mwingine mchezaji karata anataka bahati. Kwa hiyo La Voisin akawa na ngazi. Ngazi ya kwanza unapewa sala, nenda kanisa fulani ukasali siku tisa. Haijafanya kazi? Unapandishwa, unapewa unga wa mapenzi, mle ndani kuna popo, chura aliyekaushwa, fuko, na wale wadudu wanaochoma wanaosagwa kama dawa ya nguvu. Bado? Basi analetwa padri wa kusoma misa isiyo ya kawaida. Na mwisho kabisa wa ngazi, kama mapenzi yamegoma na mume bado anapumua, ndo unatajiwa arseniki. Kila ngazi bei inapanda, na kila ngazi unazidi kufungwa mdomo kwa sababu na wewe umeshachafuka.

Hapo ndo pana akili yote. Siri zako anazo yeye, siri zake unazo wewe.

Alikuwa na nyumba pembeni ya mji na bustani, wageni wa maana wanakuja jioni, wanapigiwa fidla. Akiwa kazini anavaa joho la mahameli jekundu limetariziwa tai wa dhahabu, lilimgharimu livre 1,500 (livre ni pesa ya Ufaransa ya enzi hizo). Nimesoma watu wanasema ni majivuno. Mi naona ni yunifomu ya kazi, mteja aliyeshuka kwenye gari la farasi wanne hawezi kuamini mchawi aliyevaa kanga iliyopauka.

Na kulikuwa na jamaa yake mmoja, Lesage, tapeli halisi. Alishawahi kuhukumiwa kupiga makasia kwenye merikebu za mfalme kama mfungwa kwa kosa la kukufuru, akatoka, akarudi palepale. Mchezo wake: unaandika maombi yako kwa mashetani kwenye karatasi, anaifunga kwenye kidonge cha nta, anatupa motoni, kinalipuka, wewe umeona kwa macho yako. Baada ya siku kadhaa anakurudishia karatasi ileile kwa mkono wako, ina majibu. Kidonge kilichochomwa kilikuwa kingine bila shaka. Ila sasa fikiria, huyu bwana anabaki na karatasi zenye mwandiko wa wakubwa wa nchi wakiomba waume zao wafe. Huo sio uchawi, hiyo ni hifadhi ya nyaraka.

Kipanga wa Kale

Mkuu nakufuatilia ila unaenda kwa huruma sana na hawa wauaji. Vipi kuhusu watoto? Nimesoma kwamba walitoa kafara vichanga.

Kinyonga Mzee

Nakuja huko Kipanga na usikimbie ukifika maana hapo ndo tutagombana.

Aprili 1679 mfalme akaunda mahakama maalum, inakaa kwenye jengo la Arsenal, vikao vya siri, hakuna rufaa. Watu wakaiita Chambre Ardente, yaani chumba kinachowaka, sababu zamani mahakama za namna hiyo zilikaa chumba kimefunikwa vitambaa vyeusi, mienge inawaka mchana kweupe. Bosse akachomwa moto Mei. Vigoreux akafia kwenye mateso ya kuhojiwa. Kila anayekamatwa anataja watano, watano wanataja kumi, mpaka inafungwa waliotajwa ni zaidi ya 400.

Na hapa siasa ikaingia rasmi. Kuna mawaziri wawili hawapendani, Louvois wa vita na Colbert wa fedha. Louvois akaona huu mgodi. Akaenda mwenyewe gerezani kuongea na Lesage, akamwahidi atasamehewa akisema yote. Tapeli ukimwambia hivyo unategemea nini? Akaanza kumwaga majina, na kwa bahati ya ajabu majina mengi ni ya watu ambao Louvois hawapendi.

Januari 1680 ikawa ya moto. Marshali wa Luxembourg, jenerali mkubwa wa nchi, akajipeleka mwenyewe Bastille kusafisha jina, akakaa miezi, Mei wakamwachia. Countess wa Soissons, mwanamke ambaye mfalme alimpenda ujanani, akapenyezewa taarifa usiku, akapanda gari akatoroka kwenda Flanders, hakurudi tena kwenye nafasi yake. Kumbuka huyu ana mtoto wa kiume, Eugène wa Savoy, ambaye miaka mitatu baadae alimwomba Louis cheo jeshini akakataliwa, akaenda kujiunga na maadui kule Austria, na akaja kuyachapa majeshi ya Louis kwelikweli. Bei ya ile kesi Ufaransa iliendelea kuilipa vitani.

Dada yake huyo Countess, Duchess wa Bouillon, yeye hakukimbia. Alishtakiwa kutaka kumuondoa mume ili aolewe na mpenzi wake. Akaja mahakamani mume kamshika mkono mmoja, mpenzi mkono mwingine, nje magari ya ndugu na marafiki yamejaa. Inasimuliwa jaji alimuuliza kama alimwona shetani, akajibu namwona sasa hivi, ni mzee, ana sura mbaya na amevaa kama mshauri wa serikali. Mfalme hakucheka, akamfukuzia mbali Paris.

Hata Racine, yule mwandishi wa tamthilia, alitajwa. La Voisin alidai Racine alimpa sumu mpenzi wake, mwigizaji Du Parc aliyefariki 1668. Louvois aliandika kabisa kwamba hati ya kumkamata iko tayari. Haikutumika. Kwanini, kila mtu ana nadharia yake.

La Voisin mwenyewe alichomwa hai 22 Februari 1680. Alikataa kutubu hadharani, akawa anapiga teke majani waliyomrundikia. Na zingatieni hili kuliko yote, mpaka anakufa hakulitaja jina la Montespan.

Mama Nyuki

Eeh hapo ndo nilikuwa nasubiri. Alilindwa au hakuwa na la kusema?

Kinyonga Mzee

Swali la miaka 300 hilo dada.

Mama alipokufa binti yake Marguerite, msichana wa miaka ishirini na kidogo, akaanza kuongea. Akasema Montespan alikuwa mteja wa miaka mingi. Kila mfalme akionyesha dalili ya kumchoka, mama anapeleka unga, na unga unawekwa kwenye chakula cha mfalme. Yaani kwa hesabu hiyo mfalme wa Ufaransa kala chura kavu kwa miaka. Halafu akaendelea: padri mzee anaitwa Guibourg, karibu miaka 70, jicho moja kengeza, alisoma misa juu ya mwili wa mwanamke aliye uchi amelala kama altare, na kichanga kikakatwa shingo, damu kwenye kikombe. Guibourg alivyoulizwa akakubali. Mwisho binti akasema Montespan alipoona mfalme anamgeukia binti mwingine, Mademoiselle de Fontanges, aliamua wafe wote wawili, mfalme na huyo binti, na kwamba mama yake alikuwa apeleke ombi la maandishi kwa mfalme kule Saint-Germain, karatasi imepakwa sumu.

Halafu kuna mwanamke mwingine, Filastre. Akiteswa akamtaja Montespan. Siku ya kuuawa, tarehe 1 Oktoba 1680, akamwambia padri aliyemwungamisha kwamba amedanganya, alisema vile ili mateso yaishe.

Siku hiyohiyo mfalme akasimamisha mahakama.

Hebu mfikirie Louis. Yule mwanamke amemzalia watoto 7. Baadhi ameshawahalalisha mbele ya taifa zima kama watoto wa mfalme. Akikubali kesi iendelee, ima mama wa watoto wake atachomwa moto, ima Ulaya nzima itajua Mfalme Jua (jina la sifa la Louis) alikuwa analishwa limbwata. Colbert naye hakulala, maana binti yake alishaolewa na mpwa wa Montespan, akatafuta mwanasheria akaandika waraka mrefu kuonyesha ushahidi wote ni wa wafungwa wenye njaa ya kuokoa shingo. Mei 1681 mahakama ikafunguliwa tena, ila kwa sharti, karatasi zinazomtaja Montespan zitolewe kwenye majalada, zikae pembeni kwenye sanduku lenye lakiri. Watu wadogo wakaendelea kuchomwa. Hesabu ya mwisho waliouawa ni 36.

Sasa walioyasema yale maneno, Marguerite, Guibourg, Lesage na wengine, watafanywaje? Huwezi kuwashtaki maana watayasema tena kwenye rekodi. Huwezi kuwaachia. Basi wakatawanywa kwenye ngome za mbali, kwa barua ya mfalme tu, bila hukumu, minyororo ukutani, na walinzi wakaamriwa mtu akifungua mdomo kuhusu Montespan achapwe. Guibourg alifia ngome ya Besançon 1686. Ajabu iliyopo, ukiwa na hatia kidogo ulihukumiwa ukafa, ukiwa unajua mengi mno uliishi.

Kipanga wa Kale

Basi hapo tumemaliza, Montespan alikuwa na hatia, kwanini mfalme afiche kama ni uongo?

Kinyonga Mzee

Hapana Kipanga, unaenda haraka. Mtu anaficha uongo vilevile kama uongo unaaibisha. Ngoja nikupe ninavyoona mimi baada ya kuzunguka na hii kesi.

Kwenda kwa mpiga ramli na kununua unga wa mapenzi, naamini alifanya. Wanawake wengi wa pale ikulu walifanya, na msaidizi wake Mademoiselle des Œillets alitajwa na watu tofauti kwamba alikuwa akipita kwa La Voisin. Misa za damu, sina uhakika kabisa. Ushahidi ni wa wafungwa waliokaa gereza moja, wanahojiwa na watu walewale, maswali yamebeba majibu ndani yake, na kila mmoja anajua jinsi ulivyomtaja mkubwa ndivyo siku zako za kuishi zinavyoongezeka. Lakini kumpa sumu mfalme hiyo naikataa. Faida gani? Nguvu zake zote zinatoka kwa huyo bwana. Akifa leo, kesho anayetawala ni mtoto wa malkia, na yeye anafukuzwa na mizigo yake.

Na yule Fontanges alifariki kweli Juni 1681, kama miaka 20, watu wakasema si unaona! Madaktari walipompasua walikuta mapafu yameharibika.

Kipanga wa Kale

Madaktari waliolipwa na nani mkuu? We mwenyewe umesema kipimo cha arseniki hakikuwepo mpaka 1836. Na huyo binti Marguerite mama yake ameshakufa, anapata faida gani kumsingizia mtu mkubwa? Angeweza kukaa kimya akafungwa miaka michache. Badala yake kajifunga maisha.

Kinyonga Mzee

Hapo kwa madaktari umenibana, sina jibu zaidi ya kwamba kifua kilimsumbua muda mrefu kabla. Ila ya Marguerite ni kinyume. Wakati anaongea hakujua kama atafungwa maisha, alijua mama yake kachomwa na yeye ndo anafuata. Kila siku anayoongea ni siku ambayo hachomwi. Na kweli hakuchomwa.

Mama Nyuki

Me nadhani nyote mnamsahau La Reynie. Yeye aliamini au hakuamini?

Kinyonga Mzee

Hakuweza kuamua, na alikiri kwa maandishi. Notisi zake zipo, amekaa anapanga hoja za huku na za huku, kuna siku anaona haiwezekani watu watatu tofauti watunge uchafu unaofanana, kuna siku anaona yote ni ujinga wa kutisha. Mwaka 1682 Julai mahakama ikafungwa moja kwa moja. Na mwezi huohuo ikatoka sheria mpya ambayo kwangu ndo pigo la kisiasa kuliko yote.

Ile sheria ina mambo mawili. Moja, arseniki isiuzwe hovyo, muuza dawa aifungie, aweke daftari, mnunuzi aandike jina lake na anachoenda kufanyia, iuzwe kwa madaktari, masonara, watia nguo rangi, watu wa aina hiyo. Safi kabisa, sheria ya maana, mpaka leo nchi nyingi zinaenda kwa wazo lilelile. Pili, wapiga ramli wote waondoke nchini, na uchawi ukaandikwa humo kama uchawi wa kujidai, yaani udanganyifu. Ukiua kwa sumu utauawa, ukikufuru utaadhibiwa, ila uchawi wenyewe kama uchawi, serikali haiutambui tena.

Watu wanasifia kwamba hapo akili ilishinda ushirikina. Labda. Mi naangalia tarehe. Chini ya miaka miwili baada ya kesi kuishia mlangoni kwa mfalme, mfalme anatangaza kwamba kile kitu ambacho mpenzi wake angeshtakiwa nacho hakipo duniani. Hakumsafisha mshtakiwa, alifuta kosa.

Montespan hakufukuzwa. Alibaki ikulu mpaka 1691, mfalme akimtembelea mbele za watu kama kawaida, kisha akaenda kukaa kwa watawa, akafariki 1707. Ukimfukuza ghafla watu watauliza kwanini.

Dodoki

Na lile sanduku? Usituache hapo

Kinyonga Mzee

Sanduku lilikaa na lakiri zake kwa karani wa mahakama, karani akafa, akakabidhiwa karani mwingine. Miaka ikapita. La Reynie alifariki Juni 1709. Mwezi mmoja tu baadae, Julai 1709, Louis, mzee wa miaka 70, akaagiza sanduku liletwe, akaziteketeza karatasi zote motoni, moja baada ya nyingine. Alisubiri mtu wa mwisho anayejua kila kitu afe kwanza.

Alichosahau ni kwamba polisi wake alikuwa mtu wa kuandika. Notisi binafsi za La Reynie zilibaki, na majalada ya wafungwa kule Bastille nayo yakapona hata baada ya gereza kuvamiwa 1789. Majalada hayo saivi yapo maktaba ya Arsenal hapohapo Paris. Ndo maana leo tunabishana na Kipanga.

Msomaji Mkimya

Mkuu mimi naandika riwaya, mji wa kubuni wenye mambo haya haya, nimekwama sura ya nne. Nilikuwa na malkia mchawi kwenye mnara (samahani 😅). Wewe ungemfanya nani awe mhusika mkuu? Polisi?

Kinyonga Mzee

Polisi kila mtu atamchagua. La Voisin pia ataimeza hadithi yote. Mi ningemchukua yule karani wa kwanza. Hana cheo, halali na mfalme, hajui hata kupiga ramli. Kazi yake ni kuandika anachosikia, wafungwa wanapiga kelele chumba kile yeye anachovya kalamu, halafu siku moja anaitwa anaambiwa hizi karatasi kaa nazo wewe, usizisome. Wakati alizoandika ni yeye mwenyewe. Waziri wa vita anamhitaji, waziri wa fedha anamhitaji, mwanamke wa mfalme anajua anapoishi. Na mshahara wake bado ni uleule.

Huyo malkia mshushe mnarani, mpe madeni, halafu rudi sura ya kwanza.

Kipanga wa Kale

Mimi bado nasema alikuwa na hatia. Ila uzi mzuri, tag mkileta mwingine.